Nimerudi kwenye Gundi na Manila

Baada ya miaka mingi ya kuacha picha zikae kwenye simu na kutuma salamu za sikukuu kwa kusambaza ujumbe niliotumiwa na mwingine, nimerudi kutengeneza albamu za kubandika na kadi za mkono. Kwa wasioifahamu kazi hii, albamu ya kubandika, ambayo wengine huiita skrapubuku, si ile albamu ya mifuko ya nailoni ambamo picha huchomekwa na kusahauliwa. Ni kitabu cha kurasa tupu ambamo mtu hubandika picha pamoja na tiketi ya safari, kadi ya mwaliko, kipande cha kitenge cha sare, barua au ratiba ya ibada, kisha huandika pembeni habari za vitu hivyo. Kadi za mkono ni ndugu yake wa karibu, kwa kuwa hutumia karatasi ileile, gundi ileile na mkasi uleule, na mara nyingi mabaki ya albamu ndiyo malighafi ya kadi.

Niseme mapema msimamo wangu, ili anayetafuta orodha ya mapambo asipoteze muda wake hapa. Kwa maoni yangu, katika kazi hizi mbili maandishi ndiyo kazi yenyewe na mapambo ni nyongeza. Albamu iliyojaa maua ya karatasi, riboni na lulu za plastiki, lakini isiyosema ni nani aliyesimama kushoto, alikuwa wapi na ulikuwa mwaka gani, haitamfaa mjukuu kwa lolote. Kadi nayo ni hivyohivyo: ikiwa maneno yake yangeweza kumfaa jirani, mwajiri na shemeji kwa pamoja, basi uzuri wote wa nje umefanya kazi ya bure.

Jambo la kuchekesha ni kwamba kadi za kuchapwa zilianza kama njia ya kukwepa kuandika. Mwaka 1843 jijini London, Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko muda, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi itakayochapishwa kwa wingi, ikiwa na salamu zilizokwisha kuandikwa na nafasi tupu za kujaza jina la anayepelekewa na jina la anayepeleka. Zile ambazo hakuzitumia ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja, na biashara ya kadi ikaanzia hapo. Nikiifikiria kadi hiyo nakumbuka kadi za salamu za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambazo nazo zilikuwa za kujaza majina tu: unajiandika wewe, unawaandika unaowasalimu, unaipeleka posta, halafu unakaa karibu na redio ukisubiri mtangazaji akufikie. Tofauti ni kwamba raha ya kadi zile ilikuwa katika majina yenyewe, na mtu aliyesahauliwa kwenye orodha aliweza kununa mpaka wiki ya pili.

Siku hizi kadi ya harusi huingia kwenye simu kupitia WhatsApp, jina la mgeni likiwa limepachikwa na kompyuta, pembeni imeandikwa kama ni ya mtu mmoja au ya wawili, na chini kuna alama ya kuchanganuliwa mlangoni. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwa sababu kamati ya harusi yenye wageni mia kadhaa ina haki ya kujirahisishia kazi. Ila kadi ya namna hiyo haibandikwi popote, na simu ikiibiwa stendi, imekwenda nayo.

Kilichonirudisha kwenye kazi hii ni maboksi. Serikali ilipohamia Dodoma, sisi watumishi tulifuata na mizigo yetu, na katika mizigo yangu yalikuwamo maboksi ya picha za familia yaliyokaa Dar es Salaam muda mrefu sana katika chumba chenye joto na unyevu. Huku hewa ni kavu, mvua zetu ni za msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Niliyafungua nikakuta picha zimegandana mafungu mafungu, nyingine zimeota madoa ya kuvu, na zile zilizokuwa kwenye albamu za zamani zimenata kwenye kurasa kana kwamba zimezaliwa humo.

Yeyote mwenye maboksi ya aina hiyo asikimbilie kubandua kwa nguvu. Picha za enzi za filamu, zile tulizokuwa tukipeleka studio kusafishwa, zina utando wa jelatini juu ya karatasi, na utando huo ukipata unyevu hulainika ukashikana na picha iliyo jirani. Kwa kuwa kilichozigandanisha ni unyevu, maji ndiyo huziachanisha. Kwanza zipige picha kwa simu jinsi zilivyo, ili hata ikitokea hasara ubaki na kitu, halafu ziweke kwenye beseni la maji safi ya baridi kwa muda wa nusu saa hivi na uziache zijiachanishe zenyewe, ukisaidia kwa vidole polepole pale zinapokubali. Zikishaachana, zilaze juu ya kitambaa safi zikiangalia juu, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, kwa sababu vumbi la Dodoma likitua kwenye jelatini mbichi halitoki tena. Hewa yetu huzikausha haraka na kuzifanya zijikunje, hivyo zikikaribia kukauka ziingize katikati ya karatasi nyeupe na uzikandamize kwa vitabu vizito usiku kucha. Onyo moja ni la lazima: picha zilizochapwa kwa printa ya wino zisiguse maji kabisa, kwa kuwa wino wake mara nyingi huyeyuka na kuacha wingu la rangi mahali pa uso wa mtu.

Albamu zenye kurasa za kunata na nailoni juu yake, ambazo kila nyumba yenye uwezo kidogo ilikuwa nazo, zinahitaji uzi wa kusafishia meno. Unaupitisha chini ya kona ya picha, unaushika pande zote mbili, kisha unauvuta taratibu kama anayekata sabuni ya mche, mpaka picha yote iachie. Usipoupata uzi huo, uzi mwembamba wa nailoni wa fundi cherehani unafaa. Gundi ya kurasa hizo hugeuka kuwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda na huendelea kuitia picha doa, kwa hiyo picha zinazosubiri humo haziko salama hata kama zinaonekana nzima.

Baada ya picha kupona ndipo tatizo la kweli lilipojitokeza, nalo ni kwamba nyingi hazikuwa na neno hata moja nyuma. Nilizibeba kwenda Kondoa kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyebaki anayewafahamu watu wetu wa Haubi, hukohuko Kondoa. Nilidhani angeanza kwa kutazama nyuso. Alichukua picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, wanawake watatu na mtoto mbele ya nyumba ya tembe, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaziacha nyuso na kuanza kutazama nyuma ya watu.

"Unawaona ng'ombe hawa?" akaniuliza.

Nikamwambia nawaona.

"Basi hapo HADO hawajatutolea mifugo, mwanangu. Huyu mtoto ni yule wa shangazi yako, na kanga hii mama yako aliazima kwangu, hakuwahi kuirudisha."

Kwa wasiotoka huku, HADO ni mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 kupambana na makorongo na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, Haubi ikiwamo. Picha yenye ng'ombe nyuma ya nyumba hiyo haiwezi, basi, kuwa ya baada ya mwaka huo, na kwa kuwa mtoto yule anajulikana alizaliwa lini, tulibana tarehe mpaka ikabaki miaka miwili tu. Hakuna pambo linaloweza kulingana na sentensi hiyo ikiandikwa chini ya picha. Nimeiandika yote, pamoja na habari ya kanga, kwa kuwa mama mkubwa alinisisitizia isiachwe.

Kuhusu kuandika nyuma ya picha, penseli laini ndiyo salama kwa picha za zamani za karatasi, na iandikwe ukingoni, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huchora mtaro unaotokeza upande wa pili, na wino wake unaweza kupenya au kuhamia kwenye uso wa picha inayolala chini. Picha za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki unaoteleza, penseli haishiki, kwa hiyo habari zake naziandika kwenye ukurasa wa albamu wenyewe.

Sasa nije kwenye kurasa. Ng'ambo, ambako mchezo huu ulishika kasi hasa baada ya familia moja ya Utah, Marekani, kuonyesha albamu zake kwenye mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu za ukoo uliofanyika Salt Lake City mwaka 1980, kipimo kilichozoeleka ni mraba wa inchi 12 kwa 12, na vifaa vyote huuzwa kwa kufuata kipimo hicho. Mimi sioni sababu ya kuagiza karatasi za mraba kutoka mbali wakati steshenari zetu zimejaa A4 na shiti kubwa za manila. Dodoma ni mji wa vyuo, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, kuna Chuo Kikuu cha St. John's, kuna Chuo cha Mipango na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), na palipo na wanafunzi hapakosi steshenari, mashine ya kukatia karatasi na kijana wa kutoa kopi. Nanunua shiti za manila nyeupe au za rangi ya maziwa, nzito ya gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, nazikatisha hapohapo dukani kwa kipimo cha A4, na kazi ya kurasa inaishia hapo. Manila za rangi kali nimeziacha kwa ajili ya kadi, kwa kuwa kwenye mwanga wetu hupauka.

Albamu ya kubandika hunenepa, na asiyejiandaa kwa hilo huishia na kitabu kinachofunguka kama mdomo. Njia rahisi ni kukata vipande vyembamba vya manila, upana wa sentimita mbili au tatu, na kuviweka upande wa mgongo katikati ya kila kurasa mbili kabla ya kutoboa matundu na kufunga kwa kamba, ili mgongo upate unene unaolingana na kurasa zilizojaa. Kamba nayo ni bora kuliko stepla, kwa sababu unaweza kuifungua na kuongeza kurasa pale mama mkubwa anapokumbuka jambo jingine.

Gundi ndiyo inayowashinda wengi katika hali ya hewa ya hapa. Gundi nyeupe ya maji hulowesha karatasi, karatasi hutanuka, kisha hewa kavu huivuta kwa haraka upande mmoja na ukurasa mzima hupinda. Dawa ni kupaka tabaka jembamba sana kwa kipande cha kadi badala ya brashi, kubandika, kufunika kwa karatasi safi na kukandamiza mara moja. Gundi ya kijiti haina maji mengi na inafaa kwa vitu vyepesi, ingawa huku hukauka ndani ya kopo lake ukiacha kifuniko wazi hata kwa muda wa kupokea simu. Gundi ile kali ya matone na selotepu visikaribie picha: ya kwanza hutia doa, ya pili hugeuka kahawia, huacha utando wake na kudondoka. Gundi ya unga wa ngano tuliyotumia utotoni inashika vizuri kabisa, lakini ni chakula cha wadudu, na katika mkoa wenye mchwa kama huu sioni busara ya kuwawekea meza. Albamu zangu zinakaa kwenye rafu iliyoachana na ukuta, wala hazigusi sakafu.

Kadhia ya gundi si ya leo. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alichoshwa nayo kiasi cha kupata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1873 kwa ajili ya albamu ambayo kurasa zake zilikuwa zimekwisha kupakwa gundi kavu, mtumiaji akawa analowesha tu mahali anapotaka kubandika. Mimi picha siziwekei gundi kabisa. Nakata pembetatu ndogo za karatasi, nazikunja ziwe vifuko vya kushika pembe nne za picha, na gundi napaka vifuko hivyo peke yake, ili siku yoyote picha iweze kutoka, kutazamwa nyuma na kurudi.

Vitu vingine viwili vinahitaji tahadhari. Cha kwanza ni risiti za mashine na tiketi za aina hiyo, ambazo huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, si kwa wino. Kwaruza kwa ukucha. Ukiona mstari mweusi umetokea, ujue ni karatasi ya aina hiyo, na maandishi yake yatafifia na kupotea, hasa yakikaa ndani ya nailoni laini. Toa kopi siku hiyohiyo na ubandike kopi. Cha pili ni kipande cha gazeti. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa ukiwa bado na lignini yake, ile dutu inayoshikanisha nyuzi za mti, ambayo ikipata mwanga na hewa hugeuka njano na kufanya karatasi ivunjike, na asidi yake huweza kuhamia kwenye picha ya jirani. Nayo pia naitoa kopi kwenye karatasi nzuri, halisi naiweka katika bahasha peke yake.

Kadi nilianza nazo kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, ambao hufanyika Novemba, kwa kuwa katika ukoo wetu kila mwaka hakukosi mtahiniwa. Kadi za dukani za kutakia mafanikio zina maua, zina kofia ya mahafali, na zina shairi ambalo mtoto hasomi hata mstari wa pili. Nilitaka kadi ambayo mtoto wa dada yangu angeisoma mpaka mwisho.

Kuikunja kadi vizuri ni nusu ya kazi. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na ukitaka kujua ni upande gani, ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo ukizifuata unatulia, ukizikata karatasi huvunjika na kuonyesha ndani yake. A4 nyingi zina nyuzi zinazofuata urefu wake, na kwa bahati njema ukiikata A4 katikati ukapata A5 mbili, kisha ukakunja kila moja ipate kipimo cha A6, mkunjo wako unafuata urefu huohuo wa A4 ya mwanzo. Shiti za manila zilizokatwa dukani hazina uhakika huo, hivyo kila fungu nalipima. Kabla ya kukunja, weka rula ya chuma kwenye mstari wa katikati na upitishe ncha ya kalamu ya bik iliyokwisha wino, mara moja, kwa nguvu ya wastani, mpaka uone mtaro unang'aa kidogo. Geuza kadi ili mtaro uwe upande wa nje wa mkunjo, ikunje, kisha isugue kwa mgongo wa kijiko ukiwa umeifunika na karatasi nyingine ili isiwe na alama ya kung'aa. Ukishazoea, kadi inasimama mezani bila kujifungua yenyewe.

Bahasha za kipimo cha A6 hazipatikani kila duka, na zikipatikana ni za kaki. Nimeacha kuzitafuta. Kata mraba wa sentimita 21 kutoka kwenye karatasi ya A4 ya kawaida, ulaze kadi katikati ikiwa imekaa mshazari, pembe zake zikielekea kwenye kingo za mraba, kunja pembe ya kushoto na ya kulia, kunja ya chini juu yake na uipake gundi, na ya juu iwe kifuniko. Kadi ya A6 ina milimita 105 kwa 148, na mraba huo unaiacha na nafasi ya kutosha kuingia bila kukunjamana. Wapenda hesabu watafurahi kujua kwamba ulalo wa mraba wa sentimita 21 ni sentimita 29.7, yaani urefu wa A4 yenyewe, jambo ambalo limetokana na uwiano wa karatasi za aina hii wala si bahati nasibu.

Kuhusu mapambo nitasema machache. Mabaki ya vitenge hupatikana kwa mafundi cherehani wa Majengo, ambao wengi hukupa bure ukiomba kwa adabu, na siri ya kuvitumia ni kupaka gundi nyembamba upande wa nyuma na kuiacha ikauke kabla ya kukata, la sivyo nyuzi huchomoka. Muhuri wa kuchapia nauchonga kwa wembe kwenye raba ya kufutia, nikitumia rangi ya muhuri ya ofisini. Mibuyu na vishada vya zabibu nimeviachia watengenezaji wa fulana na vikombe, ambao wamevichosha vya kutosha. Mimi nimechagua wale watu warefu wembamba wa rangi nyekundu waliochorwa zamani kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, michoro ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Umbo lao linachongeka kirahisi, na kila anayeipokea kadi huniuliza ni nini, nami napata nafasi ya kumweleza. Unga wa kumetameta sitaki kuuona nyumbani kwangu: ukishaingia, utaukuta mpaka kwenye chapati.

Yanabaki maneno, nami huyaandika kwanza kwenye karatasi ya pembeni. Kwa mtahiniwa yule sikuandika kwamba namtakia kila la heri katika mtihani wake. Niliandika kwamba nakumbuka alivyokuwa akisoma fizikia chini ya taa ya duka la jirani umeme ulipokatika, kwamba babu yake aliacha shule darasa la nne kwa kukosa ada na alitunza kalamu yake mpaka uzeeni, na kwamba akimaliza somo la mwisho aje Dodoma kwa basi la asubuhi, nitamngoja stendi. Mama yake aliniambia kadi ile alikwenda nayo bwenini na hakukubali wenzake waisome. Kadi za rambirambi nazitengeneza nyeupe tupu, bila kitenge wala muhuri, na ndani yake naandika jambo moja ninalolikumbuka kuhusu marehemu, kwa jina lake, kwa sababu wafiwa hupokea "poleni sana" nyingi ambazo hawawezi kuzitofautisha.

Chini ya picha napendelea sentensi kamili. "Familia, Kondoa" ni maneno niliyoyakuta nyuma ya picha moja, na hayakunisaidia chochote, kwa kuwa watu wote katika boksi lile ni familia na nusu yao walikuwa Kondoa. Naandika nani yuko kushoto na nani kulia, walikuwa wakitoka wapi, nani alipiga picha kama inajulikana, na nani aliyenipa habari hizo, ili atakayetaka kubisha ajue wa kubishana naye. Jambo tusilokubaliana naliandika kwa pande zote mbili. Kuna picha ambayo mama mkubwa anasema ni ya sikukuu ya Idi na mjomba anasema ni ya kipaimara cha jirani, na katika albamu maelezo yote mawili yamekaa yakitazamana.

Zilizobaki bila majina nimezitia kwenye bahasha ya kaki, kila moja ikiwa na namba ya penseli nyuma, na nimezitoa kopi kubwa za A4 ili wazee waone bila miwani. Mjomba aliyeko Bereko ameniambia kwa simu kwamba ile yenye lori ataitambua kwa namba za usajili wa gari, maana aliwahi kuwa utingo wake, kwa hiyo kopi hiyo itatangulia kwa basi la Jumamosi na nyingine zitafuata atakapokuwa amejibu.